Hasi Thelathini

Gyumri, Januari. Bomba limeganda tena
na Zaruhi amevaa koti la mumewe humo humo ndani,
anakokotoa.
Mtihani wa kazi uliingia saa tatu usiku:
safu ya namba, ndefu kama foleni ya mkate,
ikate utakapo, mwanzo wako, mwisho wako,
ila usiruke hata moja katikati,
kisha zidisha zilizobaki.
Zao kubwa kuliko yote ni lipi?

(Kwetu zao ni neno la shambani pia.
Kwao sivyo. Namsikitikia kidogo.)

Kwanza alitumia nguvu:
kila mwanzo na kila mwisho, akizioanisha zote
kama mshenga asiyejua kuchoka.
Kwa namba sita, sawa. Kwa namba laki moja
feni ya kompyuta ililia kama mbwa aliyefungiwa nje,
paka akahama meza.
Mtahini ametoa sekunde moja.

Akawa mjanja: pita mara moja tu,
beba iliyo kubwa, ndogo tupa.
Akapima kwa penseli nyuma ya bili ya gesi:
mbili, hasi tano, tatu, hasi moja, sifuri, nne.
Programu ikajibu: nne.
Nne! Kwa kujiamini kabisa,
kama binamu yake Vardges anapoeleza siasa.

Akarudi nyuma kwa kidole.
Mbili mara hasi tano, hasi kumi. Hiyo aliitupa.
Hasi kumi mara tatu, hasi thelathini,
shimo refu kuliko yote kwenye karatasi ile,
namba ambayo mwenye akili zake hangeibeba.
Kisha hasi moja, kitu kidogo, karibu si kitu,
ikaja, ikaligusa shimo,
shimo likasimama wima:
thelathini.

Hakupiga kelele. Watoto wamelala.
Alifunga kifungo cha juu cha koti, akaandika "zote mbili",
akapiga mstari chini yake hadi karatasi ikatoboka.

Usiniambie maisha ndivyo yalivyo.
Deni la mumewe kule Krasnodar
halitakutana na deni jingine likageuka mali.
Nililiandika hivyo, nikafuta.
Mabaya mawili yakikaa pamoja ni mabaya mawili:
huko ni kujumlisha.
Zaruhi anaijua tofauti,
alitunza hesabu za duka la viatu miaka sita.

Alichoandika, kwa herufi za kwao zenye ndoano,
mimi nimekitia vina:

Shika kubwa usichoke, na ndogo ishike vile,
Hasi ikija zivuke, hii huku, ile kule,
Sifuri, upumzike, anza upya bila yale,
Iliyo juu iweke, uitaje mwisho ule.

Namba laki moja. Akabonyeza.
Feni haikuamka.
Jibu lilifika kabla kidole hakijanyanyuka,
na kumbukumbu iliyotumika ni ya namba tatu tu:
kubwa, ndogo, na ile ya kutajwa.
Mashine haikukumbuka njia, ilikumbuka ilichobeba.
Paka akarudi mezani bila kuomba radhi.

Saa kumi kasoro, kitandani, miguu barafu,
likamjia: je, safu ikiwa na namba moja?
Hasi saba, peke yake, hakuna wa kuigusa?
Programu yake ilianzia sifuri.
Ingesema sifuri.
Ingesema uongo mzuri.

Akaamka, viatu mkononi, asiwaamshe watoto.
Akabadili mstari mmoja:
anzia namba ya kwanza, iwe ipi.
Aliye na hasi saba tu,
jibu lake ni hasi saba.
Akatuma.